Jicho baada ya Marburg: hatari inayobaki mlipuko unapotangazwa kuisha

Tarehe 13 Machi, 2025 Serikali ilitangaza kuwa mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg ulioikumba Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, umekwisha. Tangazo hilo lilitolewa baada ya kupita siku 42 bila kupatikana mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ndizo muda mrefu zaidi kati ya mtu kupata maambukizi na dalili kujitokeza. Kwa afya ya jamii kipimo hicho ni sahihi na hutumika duniani kote. Kwa mtu aliyeugua akapona, kalenda ni nyingine. Virusi vikishatoweka katika damu yake vinaweza kubaki kwa wiki au miezi katika sehemu chache za mwili ambako kinga haifanyi kazi kwa nguvu zake zote. Mojawapo ya sehemu hizo ni ndani ya jicho.

Matokeo yake ni uvimbe wa ndani ya jicho, ambao wataalamu huuita uveitisi. Huweza kumpata mtu ambaye amekwisharuhusiwa kutoka hospitali, amepewa cheti cha kupona na amerudi shambani au kazini. Usipotibiwa mapema, huweza kuacha upofu. Ukigunduliwa mapema, mara nyingi hutulizwa kwa dawa za matone ambazo si za gharama kubwa. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili hutegemea zaidi mtu wa kwanza atakayeliona jicho hilo, ambaye katika wilaya za Biharamulo na Ngara kwa kawaida ni mhudumu wa zahanati wala si daktari bingwa wa macho.

Milipuko miwili, hesabu mbili

Kagera imekumbwa na Marburg mara mbili. Mara ya kwanza ilitangazwa tarehe 21 Machi, 2023 katika Wilaya ya Bukoba, na mlipuko huo ukatangazwa kuisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Walihesabiwa wagonjwa tisa, wanane kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara. Sita walifariki dunia na watatu walipona.

Mara ya pili ilikuwa Biharamulo. Tarehe 20 Januari, 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliwatangazia wananchi kuwa sampuli ya mhisiwa mmoja, iliyopimwa katika maabara ya Kabaile mkoani Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam, ilikutwa na virusi hivyo. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa huenda waliugua ugonjwa huo, wote wanane wakiwa wamefariki kabla mlipuko haujathibitishwa. Wawili waliothibitishwa nao walifariki. Miongoni mwa wagonjwa hao kumi, hakuna aliyenusurika.

Kwa hiyo Biharamulo haikubaki na manusura wa kuchunguzwa macho. Jambo hilo halipaswi kuchukuliwa kama nafuu, kwani maana yake ni kwamba ugonjwa uligundulika wakati walioupata walikuwa wamekwisha kufa au wako karibu na kufa. Nchini Rwanda, ambako mlipuko ulitangazwa tarehe 27 Septemba, 2024 na kuhitimishwa tarehe 20 Desemba mwaka huo, wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 walifariki. Waliobaki, 51, walirudi makwao wakiwa hai. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, waliogunduliwa mapema na kutibiwa karibu na vitanda vyenye huduma za wagonjwa mahututi. Kadiri uchunguzi unavyowahi, ndivyo idadi ya waliopona inavyoongezeka, na ndivyo swali la macho yao linavyokuwa la lazima.

Kwa nini Ngara inahusika

Ngara haikuwa kitovu cha mlipuko wowote kati ya hiyo miwili. Hata hivyo jiografia yake inaiweka katikati ya jambo hili. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda na Burundi. Malori yanayovuka daraja la Rusumo, mahali ambapo Mto Ruvubu unaungana na mto unaoshuka kutoka Rwanda, hupita Benako, kisha huingia Wilaya ya Biharamulo kupitia Nyakahura na kufika njia panda ya Lusahunga. Upande wa Burundi kuna mpaka wa Kabanga. Barabara hiyohiyo hubeba mahindi, ndizi, saruji, mafuta, na pia watu wanaokwenda kumzika ndugu au kumuuguza mgonjwa upande wa pili.

Wakazi wa Ngara hawahitaji kufundishwa maana ya mpaka. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na zahanati na hospitali za wilaya hiyo zikajikuta zikiwahudumia watu wengi kuliko wakazi wake. Somo la wakati ule lingalipo: mgonjwa hasomi ramani kabla ya kutafuta tiba. Manusura wa Marburg aliyetibiwa upande mmoja wa mto anaweza kuanza kuumwa jicho akiwa upande mwingine, miezi miwili baadaye, mbele ya mhudumu asiyejua lolote kuhusu historia yake.

Kuna sababu nyingine iliyo ya asili zaidi. Virusi vya Marburg huhifadhiwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni, wajulikanao kitaalamu kama Rousettus aegyptiacus. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kuwa wamevipata virusi hivyo vikiwa hai katika popo wa aina hiyo kwenye mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mlipuko wa Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wa kati ya mwaka 1998 na 2000, uliohusisha wagonjwa 154 na vifo 128, ulianzia kwa wachimbaji wa dhahabu. Nchini Kenya visa vya mwaka 1980 na 1987 vilihusishwa na pango la Kitum katika Mlima Elgon. Ukanda wote huu kuzunguka Ziwa Viktoria una popo hao, nao hawajui mipaka ya wilaya.

Kinachotokea ndani ya jicho

Jicho lina matabaka matatu. La nje ni gumu: ni ile sehemu nyeupe pamoja na konea, kioo angavu cha mbele. La ndani kabisa ni retina, ambayo hupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama habari. Kati ya hayo mawili kuna uvea, tabaka lenye mishipa mingi ya damu, linaloanzia kwenye duara lenye rangi linalozunguka mboni na kuendelea nyuma hadi chini ya retina. Uveitisi ni uvimbe wa tabaka hilo. Unaweza kuwa mbele, katikati, nyuma, au kulienea jicho zima.

Ili kuelewa kwa nini virusi hujificha humo, ni vema kukumbuka kuwa kinga ya mwili hupigana kwa moto. Katika msuli au ngozi, moto huo huacha kovu dogo lisilo na madhara. Ndani ya jicho kovu dogo kama punje ya mtama, likikaa mahali pabaya, hutosha kumzuia mtu kusoma. Kwa sababu hiyo jicho limewekewa vizuizi vinavyopunguza ukali wa kinga. Vizuizi hivyo hulinda uoni siku zote za maisha, lakini virusi vikiingia wakati wa ugonjwa mkali, vizuizi hivyohivyo huvikinga navyo. Korodani, kondo la nyuma na maji ya uzazi ni sehemu nyingine zenye hali inayofanana na hiyo, na ndiyo maana WHO inazitaja pamoja na jicho inapoeleza mahali ambapo virusi vya Marburg huweza kubaki kwa waliopona.

Ushahidi wa kwanza ulipatikana Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1975. Kijana mmoja aliyekuwa akisafiri kwa barabara kupitia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alifikishwa hospitalini akiwa mahututi na akafariki. Mwenzake wa safari na muuguzi aliyemhudumia waliambukizwa, lakini wote wawili walipona. Baadaye mmoja wa hao wawili alianza kuumwa jicho. Madaktari walichota maji kidogo kutoka chumba cha mbele cha jicho hilo, wakayapeleka maabara, na virusi vya Marburg vikaota, zaidi ya miezi miwili tangu mgonjwa aanze kuugua. Sampuli ile moja ndiyo msingi wa karibu kila tahadhari inayotolewa leo kuhusu macho ya manusura wa Marburg.

Ushahidi mwingi zaidi umetokana na Ebola, ndugu wa Marburg katika familia ya filovirusi. Baada ya mlipuko wa Kikwit, nchini Kongo (wakati huo Zaire), mwaka 1995, manusura 20 walifuatiliwa, na watatu kati yao, pamoja na mwingine mmoja aliyekuwa nje ya kundi hilo, walipata uveitisi baada ya kukaa takriban mwezi mmoja bila dalili zozote. Walilalamikia maumivu ya jicho, kuchukia mwanga, machozi mengi na kupungua kwa uoni. Wote wanne walipata nafuu kwa matone ya atropini na steroidi. Hizo zilikuwa dawa za kawaida tu, na zilifanya kazi.

Kisa kilichojulikana zaidi ni cha Dkt. Ian Crozier, daktari wa Marekani aliyewahi kufanya kazi katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Mwaka 2014 aliambukizwa Ebola akiwahudumia wagonjwa Kenema, Sierra Leone, akatibiwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, akapona. Wiki 14 tangu aanze kuugua, na wiki tisa tangu virusi vitoweke katika damu yake, jicho lake la kushoto lilikutwa na virusi kwa wingi. Rangi ya jicho iligeuka kutoka buluu kuwa kijani na uoni ukadidimia, ingawa baadaye ulirejea kwa matibabu. Jambo lililowapa faraja wataalamu ni kwamba machozi yake na utando wa nje wa jicho vilipopimwa havikuwa na virusi. Virusi vilikuwa ndani, wala havikuwa vikitoka.

Nchini Liberia, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha manusura wa Ebola na watu wa karibu nao ambao hawakuwa wameugua. Miongoni mwa waliochunguzwa macho, takriban asilimia 26 ya manusura walikuwa na uveitisi, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Takwimu hizo ni za Ebola, na si haki kuzihamishia kwa Marburg kama zilivyo. Walionusurika Marburg duniani ni wachache mno kuweza kutoa asilimia ya kutegemewa. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba jicho la manusura lina haki ya kuchunguzwa hata pale ambapo mwenyewe halalamiki.

Jicho jekundu si moja

Januari 2024 Wizara ya Afya iliutahadharisha umma kuhusu ongezeko la ugonjwa wa macho mekundu, ulioanza kuonekana kwa wingi Dar es Salaam. Ugonjwa ule pia husababishwa na virusi, lakini ni wa utando wa nje wa jicho. Huwasha, hutoa matongotongo na machozi, huambukiza haraka kupitia mikono na taulo, na kwa kawaida hupona wenyewe ndani ya wiki moja au mbili bila kuacha athari. Watu wengi waliupitia na kuusahau. Kumbukumbu hiyo ni hatari kidogo kwa mada iliyopo, kwa kuwa inamfanya mtu aone kila jicho jekundu kuwa jambo la kungoja lipite.

Uveitisi hujitofautisha kwa mambo machache ambayo hata mhudumu asiye na darubini anaweza kuyaona. Maumivu yake ni ya ndani, ya kina, si ya mchanga juu ya jicho. Mwanga humsumbua mgonjwa kiasi cha kufumba macho au kutafuta kivuli. Wekundu hujikusanya zaidi kuzunguka duara la rangi kuliko pembeni mwa jicho. Matongotongo huwa hayapo. Uoni hupungua, au mgonjwa huona ukungu na vitu vidogo vyeusi vinavyoelea. Mboni inaweza kuwa ndogo kuliko ya jicho la pili, au kupoteza umbo lake la duara kwa sababu imegandamana na lenzi. Aina inayokaa nyuma ya jicho huwa na hila zaidi: jicho linaweza kuwa jeupe na lisiume kabisa, huku uoni ukififia siku hadi siku.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni chati ya herufi iliyobandikwa ukutani umbali wa mita sita, kila jicho likipimwa peke yake huku jingine likifunikwa. Kupima macho yote mawili kwa pamoja huficha tatizo, kwa sababu jicho zima humsaidia mwenzake. Asiyejua kusoma hutumia chati yenye herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, akaonyesha kwa mkono inakoelekea. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji umeme.

Likiachwa, jicho lenye uveitisi huzaa mengine: mtoto wa jicho hata kwa kijana, presha ya macho kupanda au kushuka kupita kiasi, makovu ya retina, na mwishowe jicho kusinyaa. Mtoto wa jicho huweza kufanyiwa upasuaji, lakini makovu yaliyo katikati ya retina hayana tiba ya kuyaondoa.

Dawa sahihi mikononi sahihi

Tiba ya msingi ni ya aina mbili: matone ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na matone ya kupanua mboni ili isigandamane na lenzi na maumivu yapungue. Zote mbili hupatikana nchini. Tatizo lake ni kwamba matone ya steroidi yanayomwokoa mwenye uveitisi yanaweza kumpofusha mwenye kidonda cha konea au maambukizi ya virusi vya hepesi juu ya jicho. Ndiyo sababu hayafai kununuliwa duka la dawa kwa kukisia, wala kuazimwa kutoka kwa jirani aliyetibiwa mwaka jana. Uchunguzi wa darubini ya macho, ile yenye mwali mwembamba wa mwanga, ndio unaomwezesha mtaalamu kuona chembe zinazoelea katika maji ya jicho na kuamua.

Kwa mkazi wa vijijini Ngara au Biharamulo njia ya rufaa huanzia zahanati, hupita kituo cha afya na hospitali za wilaya, zikiwemo za mashirika ya dini kama Murgwanza na Rulenge kwa upande wa Ngara, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na inapobidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Safari hiyo ni ndefu na ina nauli yake. Mgonjwa aliyetoka kupoteza ndugu kwa ugonjwa huohuo, ambaye mali zake zilichomwa au kunyunyiziwa dawa ili kuua virusi, hawezi kudhaniwa kuwa ana akiba ya kumfikisha Mwanza. Rufaa isiyo na nauli ni karatasi tu. Mipango ya ufuatiliaji wa manusura inayofanya kazi, kama iliyoanzishwa Beni na Butembo mashariki mwa Kongo baada ya Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, ilimpeleka mtaalamu wa macho kwa manusura badala ya kumngoja manusura amfikie mtaalamu.

Huko nyumbani, maji ya majani, maziwa ya mama, asali au mkojo hayana nafasi katika jicho lolote linaloumwa. Mbali na kutotibu, huongeza bakteria na kuchelewesha safari ya hospitali kwa siku ambazo uvea hauna.

Manusura si mhisiwa

Maelezo kwamba virusi vinaweza kubaki katika jicho yana hatari yake. Yakisemwa vibaya, jirani ataacha kumpa mkono aliyepona, mwalimu atamtenga mtoto wake, na manusura mwenyewe ataficha maumivu ya jicho ili asirudishwe karantini. Hapo maarifa yatakuwa yamemdhuru yule yaliyekusudiwa kumlinda.

Ukweli wa kitabibu uko upande wa manusura. Kukaa naye, kula naye, kusalimiana naye kwa mkono, kulala nyumba moja naye hakumwambukizi mtu. Kinachohitaji tahadhari ya pekee ni utaratibu wa kitabibu unaoingia ndani ya jicho, yaani upasuaji au kuchota maji ya jicho, hasa katika miezi ya mwanzo. Hata hapo muda unasaidia. Nchini Sierra Leone, manusura 50 wa Ebola waliohitaji kuchunguzwa kabla ya upasuaji walichotwa maji ya jicho mwaka 2016 na 2017, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi. Wengi wao waliweza kuondolewa mtoto wa jicho na kurejeshewa uoni. Daktari wa macho anayekataa kumpasua manusura miaka miwili baadaye kwa kuogopa jina la ugonjwa hana ushahidi wa kumtetea.

Tahadhari nyingine iliyo wazi inahusu wanaume. WHO inashauri mwanaume aliyepona Marburg atumie kondomu kwa usahihi au ajiepushe na ngono kwa miezi 12 tangu alipoanza kuugua, au hadi shahawa zake zipimwe mara mbili na kukutwa hazina virusi. Katika mlipuko wa kwanza kabisa, ule wa mwaka 1967 uliotokea miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade, kutokana na tumbili walioletwa kutoka Uganda, mke mmoja aliambukizwa na mumewe aliyekuwa amekwisha kupona. Ushauri wa uzazi, upimaji wa shahawa na uchunguzi wa macho vinaweza kufanyika siku moja, katika chumba kimoja, bila kumtangaza mtu mbele ya foleni.

Virusi vingine vyenye tabia hiyo

Marburg ni ugonjwa wa nadra. Mhudumu wa Biharamulo anaweza kumaliza utumishi wake bila kumwona manusura hata mmoja. Lakini akijifunza kuuliza swali la historia, atawasaidia wagonjwa wengine wengi. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2006 na 2007, huweza kushambulia retina wiki moja hadi tatu tangu homa ianze. Wafugaji na wachinjaji ndio walio karibu nayo, na wilaya zote mbili zina mifugo mingi. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua huashiria kwamba jicho la upande huo liko hatarini, nao huwapata zaidi watu wenye kinga pungufu. Surua kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A huweza kuitoboa konea kwa siku chache, na ndiyo maana matone ya vitamini A hutolewa pamoja na tiba ya surua. Kila ugonjwa katika hiyo una njia yake ya kuliharibu jicho, lakini swali linalofichua chanzo ni lilelile: katika miezi mitatu iliyopita uliugua nini?

Swali hilo huulizwa kwa upole na faragha. Akijibu kwamba aliugua Marburg, au alilazwa katika kituo cha tiba ya ugonjwa huo upande wowote wa mpaka, mhudumu hupima uoni wa kila jicho na kuandika matokeo, huvaa glavu kama ilivyo kwa mgonjwa yeyote, hatoi matone ya steroidi kwa kubahatisha, humjulisha Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyohiyo, na kuhakikisha mgonjwa ana njia ya kumfikia mtaalamu wa macho ndani ya siku moja au mbili. Homa mpya, kutapika au kutokwa na damu pamoja na jicho linalouma hubadilisha hali nzima, na hapo taratibu za kumtenga mgonjwa hufuatwa mara moja, kwa kuwa ugonjwa kurejea kwa aliyepona ni jambo la nadra lakini limewahi kuandikwa.

Asiye na dalili naye asisahaulike. Uchunguzi wa macho katika wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa, kisha kurudiwa katika mwaka wa kwanza, hugundua uvimbe wa nyuma ya jicho kabla mwenyewe hajauhisi. Mwananchi mwenye swali kuhusu dalili hizi anaweza kupiga simu bila malipo kwa Wizara ya Afya kupitia namba 199.